Hamna ya Pili

Mume wangu alikuwa fundi wa silaha kambini mpaka alipostaafu, na askari walimpa jina la Mzee Tena. Jina lilitokana na kazi yenyewe. Bunduki ya rashasha ikiwekwa mbele yake aliitazama, akaigusa, akasema "tena", akaitazama upya. Hata mkubwa wa kikosi akiwa amesimama mlangoni anaangalia saa, ilikuwa tena tu.

Naandika habari zake kwa sababu mtu akisikia fundi wa rashasha anafikiria jitu la mabavu lenye sauti ya kugomba. Mzee Tena ni mpole. Akikuta sisimizi kwenye sukari anawapuliza, hawaui. Shule mimi niliishia ya msingi, na mambo ya chuma nitayaeleza nilivyoyaelewa, maana mengi niliyaona kwa macho yangu. Kambi ilikuwa ikinipa mashuka ya zahanati yaliyochakaa, nayakata vitambaa vya kusafishia mitutu. Kitambaa kikizidi ukubwa kinakwama ndani, kikipungua hakifuti kitu, na kikitoa nyuzi ni heri usingekikata. Kipimo changu kilikuwa kiganja cha mume wangu, ukiacha vidole. Nikishamaliza furushi nalipeleka mwenyewe karakana, naketi kwenye benchi kati ya mlango wa nje na mlango wa wavu mpaka mtu aje kulipokea.

Karakana ilikuwa chumba kirefu, madirisha yako juu karibu na dari na yana nondo, sakafu imepakwa rangi ya kijivu. Meza ya kazi ilitandikwa blanketi ili chuma kisigongane na mbao. Ukutani zilisimama rashasha kwenye rafu yao, kila moja na mitutu yake miwili, kwa kuwa rashasha ikipiga mfululizo mtutu unashika moto mpaka ubadilishwe. Mtutu wa rashasha hii haukuruhusiwa kuvikwa ile. Mzee Tena aliona kinyaa kabisa. Alisema ni sawa na kuazima meno ya bandia ya jirani.

Sasa, kulikuwa na jambo moja lililotangulia mengine yote. Kabla ya kufuta, kabla ya mafuta, kabla ya kupima springi, lazima ihakikishwe kwamba ndani hamna risasi. Mkanda wa risasi unaondolewa, kifuniko kinafunguliwa, chuma kinachosukuma risasi kinavutwa nyuma na kuzuiwa hapo. Mtu wa kwanza anatazama kwenye chemba, yaani pale risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa. Anaingiza kidole cha mwisho, kile kidogo, anapapasa, kwa sababu jicho lililozoea kuona pako wazi litaona pako wazi hata pakiwa na kitu. Anatazama tena. Ndipo anasema kwa sauti, "Hamna." Mtu wa pili naye anatazama, anapapasa, anatazama tena, anajibu, "Hamna."

Hiyo hamna ya pili ndiyo aliyoililia mume wangu maisha yake yote. Mpaka isikike, wa kwanza haondoki, na mkono wake haubanduki kwenye silaha. Kwake yeye, rashasha iliyosemewa hamna moja ilikuwa bado imejaa. Aliwafundisha hivyo wapigaji wote waliopita pale, mmoja mmoja, na aliyecheka alianza upya.

Mwishowe jambo hilo akaja nalo nyumbani. Birika la chai likiisha alilichungulia, akalitia kidole, akasema hamna, akaganda vilevile mpaka nimjibu. Viatu vya watoto kabla hawajavivaa, hamna. Kile kikopo cha bobini chini ya cherehani yangu, hamna. Nilikuwa najibu nikiwa uani, nikiwa bafuni na sabuni usoni. Wifi zangu walisema sikuolewa na mtu, nimeolewa na ghala la silaha.

Siku mkwe wetu alipokuja na wazee wake kujitambulisha, chai iliisha wakati maneno ndiyo kwanza yananoga. Mzee Tena, bila hata kujijua, akalichungulia birika mbele ya wageni na kusema hamna. Sijafungua mdomo, yule kijana, ambaye alikuwa askari na amepita mikononi mwake karakana, akajibu "Hamna" kutoka kwenye kiti chake, mgongo umenyooka kama yuko gwaridani. Wazee wake walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mume wangu hakucheka. Wageni walipoondoka aliniambia kwamba binti yetu amepata mtu anayejibu.

Kijana huyo alipangwa kwenye rashasha kama msaidizi, mwenye kushika mkanda wa risasi. Mpigaji wake alikuwa askari mwembamba, mcheshi, waliyemwita Ukucha kwa sababu alifuga ukucha wa kidole cha mwisho. Alisema ni wa kukunia sikio. Ukucha ule ulimkera mume wangu kupita kiasi, kwa kuwa kila mwenyewe alipopapasa chemba ulisikika mlio mdogo, tik, wa ukucha juu ya chuma. Mzee Tena alikuwa akimwambia kwamba hapo ukucha ndio unaokagua, kidole kimelala usingizi. Ukucha alimjibu kwamba huu wake una leseni. Hata mimi kwenye benchi niliujua mlio ule. Niliusikia kabla sijamwona mwenye nao, halafu ndipo anatoka, ananiamkia, "Shikamoo mama wa vitambaa," na kuniuliza kama nimemkatia na yeye shuka la kulalia.

Wakatumwa mbali, mpakani. Walirudi bila Ukucha.

Tuliambiwa kwamba magari yalikuwa yamesimama, wakashambuliwa kutoka mlimani, naye akafia palepale. Mkwe wetu hakuongeza neno. Tulikwenda kukaa na mama yake Ukucha, na yule mama alinishika mkono muda wote akinisimulia jinsi mwanawe alivyokuwa haachi kuongea tangu alipojua kuongea, kwamba hata ukimtuma dukani utamsikia njia nzima. Ukimya wa nyumba ile ndio uliokuwa unamtesa.

Rashasha yao ilirudishwa karakana ikiwa na vumbi jekundu kwenye kila ufa.

Siku hiyo mume wangu alirudi nyumbani jua likiwa bado juu, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake, na hakunawa mikono. Akaketi karibu na cherehani, akakiweka kidole chake cha mwisho juu ya shuka nililokuwa nakata, kama mtoto aliyechomwa na mwiba anayetaka uutazame.

"Mama watoto," akasema, "mle ndani kuna kitu."

Nikamuuliza kama ni risasi. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba ametazama, pako wazi, mwanga unaingia huku unatokea kule. Akatia kidole, kikakutana na ncha ya kitu laini, chenye joto kidogo. Akadhani ni ganda la risasi lililokatika, maana hutokea nusu yake ikabaki ndani na mwanga ukapita katikati usishtuke. Akaingiza chombo cha kulitolea, kikatoka hivihivi. Akavua mtutu, akaupapasa peke yake, hamna. Akaurudisha mahali pake, akapapasa, kipo. Akaivika rashasha mtutu wake wa pili. Kipo.

"Kikoje?" nikauliza.

Alikigeuza kile kidole juu ya shuka, akakitazama.

"Kama mtu ametia kidole chake upande wa pili tukakutana katikati," akasema. "Na kina ukucha."

Niliweka mkasi chini. Mimi ni mtu wa sala, na ninaamini kwamba Mungu hashindwi na chochote kilicho ndani ya chuma, lakini nitasema kweli, niliogopa. Nikamshika kile kidole nikakisugua katikati ya viganja vyangu. Kilikuwa na baridi kuliko vingine.

Mtu wake wa pili siku zile alikuwa sajini wa ghala, mnene, mwingi wa mizaha. Yeye alipapasa asihisi kitu. Akamwambia mume wangu kwamba kidole chake kimetangulia kustaafu, mwenyewe atafuata. Lakini hamna ya pili haiwezi kusemwa pasipo ya kwanza, na ya kwanza ilikuwa ya fundi, naye alikataa kuisema. Akaifunga rashasha ile kitambaa chekundu nilichomkatia kwenye pazia, alama ya kwamba haitoki, na akaisimamisha peke yake mwisho wa rafu. Vitu vingine vyote vilikuwa sawa. Springi nzima, mtutu haujalika, kitufe cha usalama kinashika vizuri. Kila asubuhi alipofungua karakana alianza na ile. Kila asubuhi kidole kilikuwepo, kinangoja. Baada ya muda sajini aliacha mizaha, na nikaona kwamba akipita karibu na rafu anapitia upande wa mbali.

Halafu zikaja habari kwamba kikosi kinarudi mpakani. Mkwe wetu amepandishwa, sasa ndiye mpigaji, na rashasha aliyopangiwa ni ileile, kwa kuwa nyingine zote zilikuwa na wenyewe.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilikuwa na swali moja tu. Mzee Tena akisema hamna, rashasha itatoka na kitu kilichomo, na atakayeegemeza shavu lake pale ni mume wa binti yetu. Asiposema, atapelekwa kupimwa akili, kazi itamponyoka, na mtu mwingine yeyote asiyehisi kitu ataisema badala yake. Rashasha itatoka vilevile. Sajini alikuja nyumbani kwa siri, kwa wema tu, akamshauri aseme springi imechoka. Mume wangu akamjibu kwamba springi ile haijamkosea. Na akiisingizia, rashasha itabaki rafuni, naye aliyemo abaki anangoja. Alisema "aliyemo". Sajini alitazama chini, akaomba maji ya kunywa.

Binti yetu alikuja na mumewe kula chakula cha kuagana. Mkwe alikuwa amekonda, sauti imekwenda ndani. Tulipomaliza chai Mzee Tena alilichungulia birika kama kawaida.

"Hamna," akasema.

Mkwe alikuwa ameketi karibu naye kuliko mimi. Hakujibu. Macho yake yalikuwa kwenye lile birika na mkono wake umeng'ang'ania ukingo wa meza. Mume wangu alingoja, kidole kiko ndani. Ikabidi nijibu mimi kutoka kwenye sinki. Nikamwona mume wangu anamtazama mkwe wake, kisha anakitazama kidole chake, na sikumwuliza anawaza nini.

Kesho yake niliamkia karakana na furushi la vitambaa. Jua lilikuwa limeshapanda na vivuli vya nondo vimelala sakafuni. Sajini alikuwa mlangoni. Mkwe alikuja kuchukua silaha yake, akasimama mbele ya meza, na rashasha iko juu ya blanketi, kifuniko kiko wazi, kile kitambaa chekundu bado kimefungwa. Mimi nikabaki kwenye benchi langu. Hapana aliyeniambia niondoke.

Mume wangu alimwambia kwamba leo sajini hatakuwa wa pili, wa pili ni yeye. Mkwe akaitikia, ndiyo baba. Ndipo Mzee Tena akamwambia kwamba ya kwanza hajaisema na hawezi kuisema.

"Mle ndani kuna kidole, mwanangu. Kina ukucha mrefu."

Mkwe alishika meza, akateleza taratibu mpaka akapiga magoti, paji la uso limelalia blanketi.

"Alikuwa ameshasema, baba," akasema. "Alikuwa ameshasema ya kwanza."

Mengine aliyatoa vipandevipande, na sajini akafunga mlango wa nje ili wapita njia wasisikie. Magari yalikuwa yamesimama, wamepewa amri ya kutoa risasi na kukagua. Ukucha alifungua kifuniko, akatazama, akatia kidole, akatazama tena, akasema hamna. Ilikuwa zamu ya mkwe wetu kuinama na kujibu. Alikuwa ndiyo anainama mlio wa kwanza ulipotoka mlimani. Akakimbia. Aliruka kwenye mtaro, na alipogeuka akamwona Ukucha bado ameketi palepale nyuma ya rashasha, kidole kiko ndani ya chemba, anamtazama. Hakuita. Hakupepesa macho. Mkwe alidhani anamfanyia mzaha, mpaka alipoona shati limelowa damu. Na hata walipokwenda kumchukua, kidole kilikuwa bado kimo, ikabidi kitolewe kwa nguvu.

"Alikuwa ananingoja nijibu," akasema.

Mume wangu alizunguka meza. Sikumsikia akimkemea. Alimshika chini ya kwapa, akamsimamisha, akamfuta uso kwa kimoja cha vitambaa vyangu, akamwambia kwamba zamu yake haijapita.

Mkwe akainama. Akatazama. Akaingiza kidole cha mwisho. Kucha zake zilikuwa fupi kabisa, zimekatwa mpaka nyama. Niliziona vizuri kwa kuwa mwanga wa dirisha ulimwangukia mkononi. Na bado mimi kwenye benchi, ng'ambo ya wavu, nikasikia, tik.

Sajini naye alisikia. Alijishika mkanda wa suruali kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa itaanguka.

Mkwe hakukitoa kidole. Nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo, sijui nilikuwa naomba nini hasa. Kisha akatazama tena, kama alivyofundishwa, na akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu na rafiki yake:

"Hamna, ndugu yangu. Nimeangalia, hamna. Toa mkono sasa."

Kilichofuata sikukiona, kwa hiyo sitakitia chumvi. Ninachojua ni kwamba alitoa kidole chake upesi na kukishika kifuani. Mume wangu akachukua nafasi yake mbele ya rashasha. Akatazama. Akapapasa, akapapasa, akaenda mpaka kidole kilipoishia. Akasema "tena", akatazama upya. Bega lake lilishuka, na hapo ndipo nilipojua kwamba tangu rashasha ile irudi alikuwa analibeba juu.

"Hamna," akasema.

"Hamna," akajibu mkwe wake.

Sajini alifungua kile kitambaa chekundu, akanipitishia kwenye tundu la wavu bila kunitazama. Kilikuwa na joto. Labda ni la mikono yake.

Mkwe wetu aliondoka na rashasha ile na akarudi nayo. Binti yetu alimpokea kwa kumkagua kuanzia kichwani mpaka visigino, kama baba yake. Baadaye aliacha jeshi, siku hizi anatengeneza pampu za maji, na ukimwambia hamna anajibu kabla hujafunga mdomo. Alikwenda kwa mama yake Ukucha, akamweleza yote, na yule mama akamwuliza kitu kimoja tu, kama mwanawe aliongea kitu mwishoni. Akamwambia ndiyo, aliongea. Akamwambia neno lenyewe. Mama akasema angalau hakufa kimya.

Mume wangu alistaafu. Macho yake sasa yamefifia, hasomi, hata uso wangu anautambua kwa kuupapasa, na masikio nayo yamepungua, lakini vidole vyake vizima. Bado anakagua birika. Bado anangoja jibu langu, nami sijawahi kumchelewesha. Nikiwa mgonjwa kitandani najibu. Nikiwa nagombana naye najibu, kwa hasira, ila najibu.

Juzi nilikuwa uani naanika mashuka. Binti yetu yuko kwake, wajukuu shuleni, mlango wa barabarani nimeufunga mwenyewe kwa komeo. Nilikuwa nimeshika shuka la maji kwa mikono miwili na kibanio cha nguo kimo kati ya meno. Kutoka jikoni nikamsikia mume wangu.

"Hamna."

Nikaanza kutafuta pa kuliweka shuka ili nitoe kibanio nimjibu. Kabla sijapata, nikasikia mle ndani mlio mdogo juu ya bati la birika, tik. Halafu sauti ya kijana, changamfu, ikasema, "Hamna."

Nikasikia birika linawekwa mezani. Mume wangu akaniita kupitia dirishani kwamba leo nimejibu upesi.

Maji ya shuka yalikuwa yananitiririka mpaka kwenye viwiko. Nilisali sala fupi ya kumwombea yule kijana, na mama yake, na nyumba yetu. Kisha nikatoa kibanio mdomoni, nikabana shuka kwenye kamba. Sikumjibu mume wangu kitu, kwa kuwa alikuwa ameshajibiwa.